Article 15: misemo ya kazi na riziki mjini Bunia

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, kaskazini-magharibi mwa Bunia katika mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, mwenye shimo huitwa PDG. Ni herufi tatu za Kifaransa, cheo cha rais na mkurugenzi mkuu wa kampuni, mtu mwenye dereva na katibu wa kumpangia miadi. PDG wa machimboni ana buti za mpira zilizojaa tope, daftari la madeni, na vijana wanaotaka kula leo ingawa jiwe lenye dhahabu huenda lisipatikane mwezi huu. Chini yake yuko kapita, msimamizi, jina walilozoea kuitwa wanyapara tangu enzi za Wabelgiji. Mchimbaji anapomwita bosi wake PDG hacheki, na bosi hakasiriki. Mzaha umezoeleka hadi umekuwa cheo kweli.

Lugha ya kazi ya Ituri imejaa mambo ya namna hii. Mkubwa hutoa kauli juu: amri, wito wa chama, kifungu cha sheria, jina la ofisi. Kauli hushuka hadi sokoni na machimboni, na huko huvuliwa maana yake na kuvikwa nyingine, mara nyingi kwa kubadilisha neno moja tu au kwa kulitamka kwa sauti ya kejeli. Ukifuata misemo ambayo watu wa Bunia huitumia juu ya kazi, hasara na maamuzi magumu, utakuwa umepita karibu historia yote ya mji wao.

Kiswahili kilifika Ituri kabla ya Wabelgiji, kikifuatana na misafara ya pembe za ndovu. Mpelelezi Stanley alipovuka msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889, akienda kumtafuta Emin Pasha upande wa Ziwa Albert, alikuta humo kambi za wafanyabiashara waliotoka Zanzibar, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Kwa lugha hiyo wengi wa Ituri walizijua methali za pwani: mchumia juani hulia kivulini, ajizi nyumba ya njaa, kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hizi zina imani moja ndani yake, kwamba anayetoka jasho atakula. Historia iliyofuata iliijaribu imani hiyo vibaya.

Stanley mwenyewe alikuwa tayari na jina la utani. Miaka michache kabla, akijenga njia ya kupita maporomoko ya Kongo ya chini, watu walimwona akivunja miamba kwa nyundo kubwa wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina halikubaki kwake. Lilihamia kwa kila mzungu wa serikali, kisha kwa serikali yenyewe: kodi ni ya Bulamatari, barabara ni ya Bulamatari, kiboko ni cha Bulamatari. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waligundua dhahabu katika mto Agola karibu na Kilo, na miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza. Sasa mvunja mawe alikuwa na mawe ya kweli ya kuvunja, na wa kuyavunja walikuwa wenyeji.

Kazi ya Kilo haikuwa ya kuchagua. Watu walikusanywa kupitia machifu, wakapelekwa migodini au wakabebeshwa mizigo na vyakula vya kulisha migodi. Bidhaa kutoka Mombasa zilipita Uganda kwa reli na barabara hadi Butiaba, zikavuka Ziwa Albert kwa meli hadi Kasenyi, kisha zikapanda mlima kuelekea Irumu na Bunia. Mji wa Bunia ulikua kwenye njia hiyo, kati ya ziwa na dhahabu. Mwaka 1926 migodi ya Kilo na ile ya Moto, upande wa Watsa, iliwekwa chini ya kampuni moja, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Wasiopelekwa mgodini walilimishwa. Kilimo cha pamba cha lazima kilianza upande wa Uele na Maniema mwaka 1917, na amri ya 1933 ikaweka siku 60 kwa mwaka za kulima mazao ya lazima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zikafikishwa 120.

Mtu anayelazimishwa kazi siku 120 hujifunza mambo mawili: kuonekana akifanya kazi, na kutoimaliza. Msemo wa Kilingala ambao Wakongo wengi wanaujua hata leo unasema mosala ya Leta esilaka te, kazi ya serikali haiishi. Ukiusikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni sifa ya bidii. Anayeusema anakusudia kinyume: kwa nini ukimbilie kuimaliza, na ukimaliza leo kesho utapewa nyingine?

Uhuru ulipokuja, wakubwa wapya walipenda kauli kuliko wale wa zamani. Mwaka 1966, muda mfupi baada ya kutwaa madaraka, Mobutu aliwataka Wakongo wakunje mikono ya mashati, retroussons les manches. Mwaka uliofuata chama chake, MPR, kilizaliwa na kauli nyingine: kutumikia, si kujitumikia. Katika miaka ya 1970 ikaja Salongo, kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia siku ya Jumamosi, pamoja na kibwagizo chake Salongo alinga mosala, Salongo anapenda kazi. Waliokuwa watoto wakati huo Bunia wanakumbuka majembe na nyimbo. Wanakumbuka pia kwamba aliyekuwa na kitu kidogo cha kumpa msimamizi alibaki nyumbani.

Wito wa kazi haukuwa wa Zaire, kama Mobutu alivyoiita Kongo, peke yake. TANU ilikuwa na Uhuru na Kazi, na mwaka 2015 John Magufuli aliingia Ikulu ya Tanzania kwa Hapa Kazi Tu. Kenya ilikwenda njia ya pili: mafundi wa Nairobi waliofua vyuma juani walijiita jua kali, na Rais Moi alipowatembelea Kamukunji mwaka 1985 neno la uwanjani lilikuwa limeanza kupanda kuelekea kwenye hotuba na wizara. Zaire ilikuwa na kipaji chake cha kugeuza. MPR ilisomwa kwa Kifaransa kama mourir pour rien, kufa bure. Mishahara ya walimu na makarani ilipoyeyuka, nao ugonjwa mpya wa UKIMWI ukijulikana kwa Kifaransa kama SIDA, watumishi wa serikali walisema wao wanaugua SIDA ya aina nyingine: salaire insuffisant difficilement acquis, mshahara usiotosha unaopatikana kwa taabu.

Wakati mwingine mkubwa mwenyewe aliwarahisishia wananchi kazi ya kugeuza. Tarehe 20 Mei 1976, akihutubia umati uwanjani Kinshasa, Mobutu alieleza kwamba anayetaka kuiba aibe kidogo, kwa akili na kwa upole, kwani anayeiba sana ili atajirike usiku mmoja atakamatwa. Chama kilichoanza kwa kukataza kujitumikia kilikuwa sasa kinatoa ushauri juu ya kipimo.

Msemo mkuu wa zama hizo una namba. Agosti 1960, wiki chache baada ya uhuru, Albert Kalonji alitangaza Kasai ya Kusini kuwa dola inayojitegemea, makao yake Bakwanga, mji unaoitwa Mbuji-Mayi leo. Maelfu ya Waluba waliofukuzwa Luluabourg na Katanga walimiminika huko bila nyumba wala chakula. Inasimuliwa kwamba walipoomba msaada walijibiwa kuwa sasa wako kwao, wajitafutie: débrouillez-vous. Watu wakasema basi hicho ndicho kifungu cha 15 cha katiba ya dola hiyo. Kifungu cha namna hiyo ni simulizi ya mitaani, lakini simulizi iliishi kuliko dola. Kasai ya Kusini ilirudishwa chini ya serikali kuu mwaka 1962, na Article 15 ikasambaa hadi kila kona ya nchi, Ituri ikiwamo.

Nguvu yake iko katika sura yake ya kisheria. Sheria kwa kawaida humwambia raia atakachopewa au atakachokatazwa. Hii inamwambia kwamba hakuna kitu. Na kwa kuwa imevaa namba ya katiba, mwenye kuitumia anaweza kujitetea nayo. Mwalimu anayeuza karatasi za mtihani, polisi anayesimamisha pikipiki, mama anayevusha vitenge kutoka Uganda bila ushuru, wote wanaweza kusema wanatekeleza Article 15. Msemo mmoja unamlaumu mkubwa, unamsamehe mdogo, na pia unamfunika mwizi. Ndiyo maana Wakongo hawajakubaliana hadi leo kama ni fahari au ni aibu.

Ituri ilipata Article 15 yake kwa maandishi, karibu tuseme. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu wananchi kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono yao, jambo lililokuwa kosa la jinai tangu ukoloni. Kampuni ya Kilo-Moto ilikuwa imefanywa shirika la serikali mwaka 1966 kwa jina la OKIMO, na mitambo yake ilikuwa inachakaa. Serikali isiyoweza tena kuchimba iliwaambia watu wachimbe wenyewe. Wanafunzi waliacha shule, makarani waliacha meza, na wakulima wa mihogo wakashika sururu na karai. Pepe Kalle aliunganisha namba na nyundo katika wimbo wake Article 15 beta libanga. Beta libanga ni Kilingala, gonga jiwe. Jina alilopewa Stanley kwa hofu lilikuwa limewarudia wananchi wenyewe: karne moja baada ya nyundo ya Stanley, kila mtu alikuwa mvunja mawe wa nafsi yake.

Machimboni msemo huo si picha tu. Jiwe linalotoka shimoni hutwangwa kwenye kinu cha chuma hadi liwe unga, unga huoshwa, na kinachobaki hukamatwa kwa zebaki kisha huchomwa. Mzigo wa saa nyingi huishia kwenye punje inayokaa ncha ya kidole. Mnunuzi huitia kwenye mizani ndogo yenye vikombe viwili vinavyoning'inia kwa uzi, na kwenye kikombe cha pili huweka vijiti vya kiberiti au sarafu za zamani. Kijiti kimoja kina uzito wa takriban moja ya kumi ya gramu. Mchimbaji hutazama kwa makini kama kijiti kimelowa, kwa sababu kijiti chenye unyevu ni kizito zaidi, na uzito huo unatoka mfukoni mwake. Mwenye kidole chepesi kando ya mizani hutajirika bila kushuka shimoni.

Hapo ndipo methali ya jasho na kivuli inapoyumba. Vijana wawili huchimba mashimo yaliyopakana kwa nguvu ileile. Mmoja anakuta mshipa, mwingine anakuta maji. Wa kwanza hununua pikipiki na bia za mtaa mzima, na mara nyingi mwezi haujaisha amerudi kukopa kwa PDG. Wachimbaji hujibu kwa methali za upande mwingine wa kapu la Kiswahili: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ya kwanza inamtuliza aliyekosa. Ya pili inamrudisha shimoni kesho yake.

Mkopo una sanaa yake. Kwa miaka mingi maduka ya Kongo yametundika ubao wenye maneno ya Kifaransa: mkopo umekufa, walipaji wabaya wameuua. Kauli hiyo ilichapwa Ufaransa tangu karne ya 17 pamoja na picha ya Bwana Mkopo akiwa amelala maiti, na ikafika Afrika na wafanyabiashara wa Kizungu. Jamaa yake ni picha ya maduka mawili iliyochapwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Upande mmoja muuzaji wa fedha taslimu, mnene, kitambi mbele na kasha la pesa limefunguka; upande wa pili muuzaji wa mkopo, amekonda, kashika kichwa, na panya wanatembea kwenye rafu tupu. Mchoraji wa Kongo aliyeichora upya alibadilisha ngozi na nguo za watu hao wawili, panya akawaacha vilevile. Tanzania walifika mahali hapohapo kwa maneno machache zaidi: leo fedha, kesho mkopo. Jambo la kuchekesha ni kwamba duka lenye ubao huo mara nyingi lina daftari la wadeni chini ya meza, kwa kuwa mjini ambako mshahara huchelewa, muuzaji asiyekopesha hana wateja. Walioshindwa na daftari hujiunga na likelemba, ambapo kundi la watu huchanga kila wiki au kila mwezi na kila mmoja hupokea kapu lote kwa zamu.

Kuna hali ambazo hazina ubao wala methali, na kwa hizo mafundi wa Zaire waliandika msemo kwa rangi. Kati ya miaka ya 1970 na 1990, kwenye sebule za miji mingi ya nchi hiyo, ya mashariki ikiwamo, ilitundikwa picha iitwayo Inakale. Mtu amekwea mti ulioinamia maji. Chini ya shina simba anamngoja. Kwenye matawi nyoka anamshukia. Majini mamba amefungua kinywa. Hakuna mlango wa nne. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyefundisha Zaire kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, alizikusanya na kuziandikia picha za aina hii, na aliisoma Inakale kama sura ya raia aliyebanwa kila upande.

Msomaji wa vitabu vya Kiarabu atakumbuka jamaa wa mtu huyo. Katika Kalila wa Dimna, iliyotafsiriwa na Ibn al-Muqaffa karne ya 8, kuna mtu aliyemkimbia tembo akatumbukia kisimani. Ananing'inia kwa matawi mawili. Miguu yake iko juu ya nyoka wanne. Chini joka limepanua kinywa. Panya mweusi na mweupe wanayatafuna matawi. Kisha anaona asali, anaionja, na kusahau yote. Kisa hicho kilizunguka dunia hadi kikamfikia Tolstoy. Kinamlaumu mtu kwa kupenda utamu wa dunia akasahau mwisho wake. Inakale haina asali. Aliyeko juu ya mti hajapumbazwa na chochote. Anawaona wanyama wote watatu vizuri sana, na kuona hakumsaidii. Mwenye nyumba aliyeinunua picha hiyo aliitundika pale wageni wanapokaa, watu wakainywea bia na kuicheka.

Kisha mnyama wa nne akaja. Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999, Bunia ikiwa chini ya jeshi la Uganda na makao ya kundi moja la waasi baada ya jingine. Agosti 2002 UPC ya Thomas Lubanga iliuteka mji. Machi 2003 ikatimuliwa. Na tarehe 6 Mei Waganda walipoondoka, wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu walipigania mitaa nyumba kwa nyumba. Raia walijazana kuzunguka uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wakilindwa na Wauruguai mia saba hivi ambao hawakuwa na idadi wala idhini ya kuuzuia mji mzima usiungue. Miili zaidi ya 400 ilikusanywa. Juni kikosi cha Ulaya cha Operesheni Artemis kilitua chini ya uongozi wa Wafaransa, na amri yake mjini ilikuwa Bunia bila silaha zinazoonekana. Kwa watu waliozoea kusoma kauli za wakubwa kwa miaka sabini, neno la mwisho lilitosha kueleza amri yote: bunduki iliingia chini ya kitanda.

Kuanzia Septemba 2004 mpango wa kupokonya silaha ulikusanya wapiganaji zaidi ya 15,000 wa Ituri, na wengi wao waliishia kwenye kazi mbili zisizouliza cheti. Baadhi walirudi mashimoni. Wengine wakawa wamotari, waendesha pikipiki wa kubeba abiria, wanaosubiri wateja kwenye Boulevard de la Libération na kwenye kila njia panda. Kazi hiyo ina maamuzi ya Inakale ndani yake kila siku: abiria wa usiku analipa mara mbili, lakini anataka kupelekwa nje ya mji. Tangu 2017, mashambulizi ya CODECO na makundi mengine yalipoanza upya, na hata baada ya serikali kutangaza hali ya kuzingirwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021, njia za kwenda Djugu na Komanda zimefanya hesabu hiyo iwe ngumu zaidi.

Nchi sasa ina Article 15 nyingine, ya kweli. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu chake cha 15 kwamba mamlaka za umma zitahakikisha ukatili wa kingono unatokomezwa, na kwamba ukatili huo ukifanywa kwa nia ya kuisambaratisha familia na kuangamiza watu wote wa jamii fulani ni uhalifu dhidi ya binadamu. Namba iliyokuwa mzaha wa taifa kwa zaidi ya miaka 40 ilipewa maneno mazito kuliko yote katika katiba hiyo, na Ituri ndiyo iliyoyahitaji mapema. Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, kwa makosa 18, ubakaji na utumwa wa ngono yakiwamo, kwa matendo ya 2002 na 2003 Mongbwalu, Bambu, Kobu na vijiji vya jirani, yaani ndani ya ardhi ya dhahabu ya Kilo. Alihukumiwa miaka 30. Machi 2021 majaji waliamuru fidia ya dola milioni 30, na Julai 2023, baada ya rufaa, wakaiweka kwenye dola milioni 31.3. Waligundua pia kwamba mtu huyo hana mali ya kulipa, hivyo wakaugeukia Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo utafute michango. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu makosa yenyewe, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wanawake wa Bambu na Kobu waliishi kwa Article 15 ile ya Bakwanga.